Gazeti la Kesho na Kanuni ya Stelingi

Kanuni ya kwanza ya uhakiki wa filamu kwa watazamaji wengi wa Mwanjelwa, Mbeya, na Mshindo, Iringa, ni fupi: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni akiwa amefungwa kamba, atafungiwa ndani ya nyumba inayowaka, na bado mtoto aliyekaa benchi la mbele la kibanda umiza atawaambia wakubwa watulie, huyo ndiye mwenye muvi. Wasomi wengi huipuuza kanuni hii. Mimi naiheshimu, kwa kuwa ni kauli juu ya umbo. Anayeitamka ameshabaini kwamba masimulizi yamepangwa kumzunguka mtu mmoja, na kwamba hatari anazopitishwa hupimwa kwa kipimo tofauti na hatari za wenzake. Rafiki wa stelingi akipigwa risasi hiyo hiyo ya bega, kibanda kizima huanza kumpa buriani.

The Flash, tamthilia ya shujaa mwenye kasi ya radi, ilianza kurushwa Marekani tarehe 7 Oktoba 2014 na kumalizika Mei 2023 baada ya misimu 9 na sehemu 184. Iliikuta kanuni hiyo na kuitia majaribuni katika sehemu yake ya kwanza kabisa. Ubishi juu ya hatima ya Barry Allen na watu wake, unaosikika kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye mabweni ya vyuo na kwa wale wanaoturushia muvi kwenye flashi, huchukuliwa kuwa porojo za vijana. Nadhani ni usomaji, tena wa makini.

Tuitazame tena ile dakika ya mwisho ya sehemu ya kwanza. Barry ameshapigwa na radi, amelala miezi 9 bila fahamu, ameamka na miguu isiyokamatika. Ametulia, sisi tumetulia. Ndipo Dk. Harrison Wells, mwanasayansi mlemavu aliyemtunza, anajisukuma na kiti chake hadi kwenye chumba cha siri. Anasimama. Anatembea. Mbele yake linafunguka gazeti la mwanga, na kichwa cha habari kinasema Flash ametoweka katika janga. Tarehe ya gazeti ni 25 Aprili 2024, karibu miaka 10 mbele. Hapo picha inakatika.

Mpangilio wa siri hizo mbili ndio ufundi wenyewe. Kwanza tunaonyeshwa kwamba mtu huyu ni mwongo, maana miguu yake ni mizima. Kisha mwongo huyo huyo ndiye anayetushikisha habari ambayo hadithi inataka tuiamini. Kama gazeti lingeonekana kabla hajasimama, tungelichukua kama taarifa tu. Likija baada, kila mtazamaji anabaki na swali la hakimu: nimwamini shahidi ambaye nimemkamata akidanganya sasa hivi? Kambi mbili zinazaliwa papo hapo. Mmoja anasema gazeti ni la kweli kwa kuwa mwongo hana sababu ya kujidanganya akiwa peke yake chumbani. Mwingine anasema stelingi hafi, na kutoweka siyo kufa. Wote wawili wanabishana kwa ushahidi uliomo ndani ya picha.

Kuna jambo jingine ambalo gazeti lile linafanya, na Iringa ni mahali pazuri pa kulielewa. Kalenga, mwendo mfupi kutoka mjini, fuvu la Mkwawa, kiongozi wa Wahehe, limehifadhiwa ndani ya kioo. Mgeni anayeingia pale tayari anaujua mwisho. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi asishikwe na Wajerumani akiwa hai. Kichwa kilichukuliwa hadi Ujerumani, na fuvu likarudishwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining. Simulizi la pale linasonga mbele ya fuvu lenyewe, hata linapofika Lugalo mwaka 1891, Wahehe walipoliangamiza jeshi la Mjerumani Zelewski. Hakuna msikilizaji anayeuliza kama shujaa atapona. Anauliza alifikaje hapo, nani alikuwa naye, na kwa nini alichagua alivyochagua. Simlinganishi mtu aliyekufa kweli, ambaye uzao wake upo, na mhusika wa televisheni. Ninachopima ni mpangilio wa masimulizi: mwisho ukitangulia, swali la "je" hufa, na swali la "vipi" huzaliwa. The Flash, katika msimu wake wa kwanza, inaishi kwa swali hilo la pili, na watazamaji waliokulia kwenye simulizi za Kalenga hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuliuliza.

Haya yote hutufikia kwa njia ambayo nayo ina umbo lake. Marekani tamthilia hizi zilirushwa sehemu moja kwa wiki, na mapumziko marefu katikati. Arrow, ndugu mkubwa wa The Flash, ilimchoma upanga stelingi wake, Oliver Queen, na kumsukuma kutoka kwenye jabali tarehe 10 Desemba 2014, kisha ikawaacha watazamaji wa huko wasubiri hadi Januari. Ukimya ule uliandikwa ndani ya hadithi. Kwetu msimu mzima huja siku moja, sehemu 23 kwenye folda moja, na aliyechomwa upanga usiku huo anaweza kuamka usiku huo huo. Hali hiyo ilipaswa kuua ubishi, lakini haikuua, kwa kuwa maisha yameweka mikato mingine. Umeme unakatika. Mwenye kibanda anaonyesha sehemu mbili kwa usiku, kisha anafungulia mpira. Basi la Mbeya kwenda Iringa linasimama Makambako watu wakale, konda anazima skrini, na abiria wanashuka wakiwa bado wanabishana juu ya mtu aliyeachwa ananing'inia. Isitoshe, kila mmoja yuko sehemu yake. Aliyefika ya 20 anamtazama aliye kwenye ya 12 kwa macho ya Wells: anajua, na anaombwa asimalize uhondo.

Pale panapokuwa na mtafsiri, kuna mtu wa tatu anayejua kesho. Utamaduni huu Dar es Salaam unahusishwa sana na Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, na baada yake DJ Mack. Kampala wana VJ Jingo, na Kenya ina DJ Afro. Mtafsiri wa aina hii hatafsiri maneno peke yake. Anatambulisha wahusika, anamwonya shujaa asiyemsikia, anatuambia adui anawaza nini. Sauti yake imeshaimaliza filamu kabla yetu, na mtazamaji mzoefu huisoma: akianza kumsifia mhusika mdogo kupita kiasi, ujue siku zake zinahesabika. Kwa muvi ya ngumi hiyo ni raha tupu. Kwa The Flash ni hatari, maana mtafsiri akimpa Wells sauti ya hila mapema, kile chumba cha siri kinabaki chumba tu. Hapo kipimo cha mtafsiri ni uwezo wake wa kunyamaza.

Sasa gazeti lenyewe. Sehemu ya 20 ya msimu wa kwanza linafunguliwa tena, safari hii na Barry na wenzake, na wanaona jina la mwandishi wa habari ile: Iris West-Allen. Wakati huo Iris ni mpenzi wa mpelelezi Eddie Thawne. Kwa jina hilo moja mtu amenyang'anywa mke ambaye hajamwoa. Eddie anakuja kutekwa na adui aliyejificha nyuma ya sura ya Wells, ambaye ni kizazi chake mwenyewe kutoka karne nyingine, na adui anamweleza bila huruma: wewe ndiye usiye na chochote katika historia. Ni mhusika pekee anayeambiwa ana kwa ana kwamba yeye siyo stelingi. Mwisho wa msimu, Mei 2015, Eddie anajipiga risasi kifuani, na kwa kuwa babu amekufa, kizazi chake kinafutika mbele ya macho ya wote. Aliyeambiwa hana nafasi katika hadithi ndiye anayeimaliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo tamthilia hii ilipofika kilele chake, na nimewasikia vijana wa Mbeya wasio na muda na nadharia wakisema jambo hilo hilo kwa kifupi: Eddie ndiye alikuwa stelingi wa msimu ule.

Tangu hapo waandishi waligundua njia, wakaitumia tena. Msimu wa tatu Barry anakimbilia siku zijazo na kumwona adui wa msimu huo, Savitar, akimchoma Iris. Nusu ya msimu inakwenda kutafuta namna ya kuizuia siku hiyo. Mei 2017 siku inafika, Iris anachomwa, anaanguka, sehemu ya 22 inaisha. Sehemu inayofuata inafichua kwamba aliyekufa ni mwenzao H.R., aliyekuwa amevaa sura ya Iris kwa kifaa chake. Utabiri umetimia kila herufi, ila mwili ni wa mtu mwingine. Kuna watazamaji wanaoiita hila hii wizi, nami sikubaliani nao kwa H.R. Msimu mzima ametambulishwa kwetu kama mtu asiyefaa, mpiga soga anayejificha nyuma ya sura isiyo yake. Tangu mwanzo alikuwa mtu wa kuvaa sura. Kifo chake kinatumia kilekile kilichokuwa aibu yake, na ukirudia sehemu za nyuma unakuta njia yote imechorwa.

Wizi uko Arrow. Msimu wa nne, Oktoba 2015, ulifungua na kaburi: Oliver amesimama kando yake, jina halionekani, na tunaambiwa ni miezi 6 mbele. Miezi ikapita watu wakibashiri, na Aprili 2016 ikajulikana ni la mwenzake Laurel Lance. Waandishi walikiri kwamba walipopiga picha ile walikuwa bado hawajaamua nani amelala ndani. Inaonekana. Rudi nyuma utafute alama za kifo cha Laurel, huzipati, kwa sababu hakuna aliyeziweka. Gazeti la Wells lilikuwa na tarehe, kichwa cha habari na jina la mwandishi, vitu ambavyo hadithi ilijifunga kuvilipa. Kaburi la Arrow halikuahidi chochote isipokuwa huzuni, na huzuni hiyo ingeweza kukabidhiwa yeyote.

Deni la gazeti lilikuja kulipwa mapema. Mwishoni mwa msimu wa tano, Mei 2019, tarehe ile ya 2024 ilibadilika mbele ya macho yetu ikawa 10 Desemba 2019, siku ile ile ambayo sehemu ya janga lenyewe ilikuja kurushwa Marekani. Barry alikubali. Aliaga. Kisha, kwenye mashine ya kukimbilia iliyopaswa kummaliza, Flash mwingine kutoka dunia nyingine akamnyonya kasi yake, akapanda badala yake, akakimbia hadi akasambaratika. Anayemwigiza ni John Wesley Shipp, aliyekuwa Flash kwenye tamthilia ya mwaka 1990, na picha za tamthilia hiyo zinapita wakati anakufa. Kwa Mmarekani wa umri fulani ni salamu kwa utoto wake.

Watazamaji wengi wa Nyanda za Juu Kusini hawakuiona tamthilia ya 1990. Walichokiona ni uso. Na uso wa Shipp, katika The Flash hii, ni uso wa Henry Allen, baba yake Barry, aliyefungwa kwa kosa asilotenda na kuuawa mbele ya mwanawe mwishoni mwa msimu wa pili. Ndiyo maana ubishi huku ulichukua njia nyingine: baba amerudi kufa mara ya pili ili mtoto abaki. Naona usomaji huu una nguvu kuliko ule uliokusudiwa. Salamu ya utoto inahitaji kumbukumbu ya nje ya hadithi. Uso wa baba umo ndani, umelipiwa kwa misimu mitano, na unaeleza kwa nini Barry anabaki amesimama kama aliyepokonywa kifo chake.

Katika janga hilo hilo, lililozikutanisha tamthilia hizi mbili, Oliver Queen alikufa, na hakurudishwa. Arrow ilifungwa tarehe 28 Januari 2020. Kanuni ikarekebishwa vijiweni: stelingi hafi mpaka muvi iishe. Ni marekebisho sahihi, na yanaeleza udhaifu wa misimu ya mwisho ya The Flash kuliko makala nyingi nilizosoma. Tarehe zote zilikuwa zimeshapita, hakukuwa na gazeti jingine, na kifo hakikuweza kumgusa Barry kabla ya mwisho. Mwaka 2023 walimfufua hata Eddie, wakamfanya adui. Mtu aliyejipa nafasi katika hadithi kwa kufa akapokonywa kifo, na msimu wa kwanza ukapungua uzito kwa kila anayeurudia leo. Sehemu ya mwisho kabisa inaipeleka radi kwa watu wengine watatu, wakimbiaji wapya. Wapo wanaosema huo ni mlango mzuri wa kufungia. Sioni hivyo: watatu hao tunawajua kwa jina tu, hakuna tarehe wanayoikimbilia wala mtu watakayempoteza, na kijiweni hakuna aliyepata cha kubishania juu yao.