Kiitikio na Mashine: Lugha ya Nyimbo za Sauti Sol

Lalamiko moja husikika mara kwa mara katika mazungumzo ya wapenzi wa fasihi jijini Nairobi: kwamba tangu watunzi wa nyimbo waache gitaa kavu na kushika kompyuta, maneno yamekuwa mepesi na Kiswahili kimegeuzwa pambo la mdundo. Makala haya yanakusudia kulipima lalamiko hilo kwa kutumia kazi za kundi la Sauti Sol. Kundi hili linafaa kwa sababu mabadiliko yake yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Sauti Sol lilianzishwa mwaka 2005. Waimbaji Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi waliungana na mpiga gitaa Polycarp Otieno, na katika albamu yao ya kwanza, Mwanzo, msingi ulikuwa sauti za watu zilizopangwa pamoja na gitaa. “Lazizi” ni wimbo wa mapenzi wa namna hiyo. “Mafunzo ya Dunia” inatukumbusha, kwa jina lake tu, methali ya asiyefunzwa na mamaye. Mwaka 2012 walitoa mkusanyo mfupi uliotengenezwa na Spoek Mathambo wa Afrika Kusini, msanii wa muziki wa kielektroniki. Baadaye zikafuata Live and Die in Afrika (2015), Afrikan Sauce (2019) na Midnight Train (2020). Chimano alikwenda mbali zaidi katika kazi yake ya pekee ya mwaka 2022, Heavy Is the Crown, iliyoelekea kwenye disko na vinanda vya umeme vya miaka ya 1980. Kundi liliagana na mashabiki wake mwaka 2023.

Kabla ya kuyahukumu maneno ya nyimbo hizi, yafaa tuulize zilisikilizwa wapi. Mwanzoni kundi lilijulikana kupitia jukwaa la Alliance Française, katikati ya jiji, ambako hadhira huketi na kusikiliza. Wimbo wa baadaye ulikutana na msikilizaji mahali kama Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapoachana na Barabara ya Ngong kuelekea Kawangware. Humo ndani ya matatu ya njia ya 111, injini inanguruma, utingo anadai nauli, na vipaza sauti vinapendelea besi kuliko konsonanti. Ubeti wenye masimulizi marefu hupotea katika mazingira hayo. Kinachobaki sikioni ni kiitikio, na mtunzi anayelijua hilo huhamishia uzito wa maana huko.

Kiswahili kina uwezo maalumu wa kuubeba uzito huo, nao unatokana na sarufi yake. Tuchukue “Tujiangalie”, wimbo wa mwaka 2018 walioimba pamoja na Nyashinski, unaozungumzia hali ya nchi na wananchi wake. Neno hilo lina silabi sita. Ndani yake mna kiambishi tu- kinachomjumuisha msemaji na anaowaonya, ji- kinachorudisha tendo kwa watendaji wenyewe, na kiishio -e cha wito. Mawaidha kamili yamekaa ndani ya kitenzi kimoja, na hakuna aliyeachwa nje ya lawama. “Nishike” (2014) inatuonyesha jambo jingine. Katika neno hili ni- yaweza kuwa ya mtendwa, mtu akiomba ashikwe. Nje ya muktadha yaweza pia kuwa ya mtenda. Kadhalika “Kuliko Jana” ni ulinganisho usiotaja upande wake wa kwanza, ambao msikilizaji huujaza mwenyewe. Hizi ni mbinu za kishairi, hata kama hazikupangwa kwa vina na mizani.

Wala si mara ya kwanza mashine kuubana utungo wa Kiswahili. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, upande mmoja wa sahani ya santuri uliweza kubeba dakika tatu hivi, na wimbo wa taarab ulilazimika kutoshea humo. Wala si mara ya kwanza wahakiki kutabiri maafa: Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, walikuwapo walioona kwamba kuacha vina ni kuua ushairi. Ushairi haukufa.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni “Disco Matanga (Yambakhana)”, uliomo katika Midnight Train na kuwashirikisha Sho Madjozi na Black Motion wa Afrika Kusini. Disko matanga ni desturi ya magharibi mwa Kenya ya kukesha kwa muziki wa vipaza sauti kwenye msiba, huku fedha za mazishi zikichangwa. Wasanii hawa walipochukua mdundo wa mashine kuimba jambo hilo, walikuwa wanakirejesha chombo mahali ambapo jamii ilikwisha kukizoea. Hivyo tofauti inayochorwa kati ya “asili” na “umeme” haina msingi imara.

Hata hivyo hatuwezi kuwasamehe kwa yote. Ukiyapanga majina ya albamu tano, kutoka Mwanzo hadi Midnight Train, utaona Kiswahili kikipungua hadi kutoweka. Na katika albamu ya mwisho majina kama “Insecure”, “Feel My Love” na “Brighter Days” yanathibitisha mwelekeo huo. Majina si ushahidi kamili, lakini yanaonyesha soko lililokusudiwa. Hatari iliyopo ni ya mgawanyo wa kazi: Kiingereza kipewe kueleza na kufikiri, Kiswahili kiachiwe kuitikia. Hilo halikusababishwa na kompyuta, kwani “Tujiangalie” imetumia mdundo wa kisasa na ikafikiri kwa Kiswahili. Ni uamuzi wa mtunzi na wa biashara inayomzunguka.

Idara zetu nazo zina sehemu yao. Tukiendelea kufundisha wimbo kwa kuunakili karatasini na kuhesabu dhamira, kiitikio kitaonekana marudio matupu. Amri Abedi alisisitiza mwaka 1954 kwamba shairi ni la kuimbwa. Basi na wimbo ufundishwe ukisikika, mwanafunzi aonyeshwe mkazo wa neno unaangukia wapi kwenye ngoma, ndipo aulizwe neno hilo limebeba nini. Mtunzi atakayejua kwamba anasikilizwa kwa makini hivyo atakuwa na sababu ya kuuandika ubeti wake kwa Kiswahili pia.