Polisi Wameripotiwa Mbele: Kusoma Onyo la Maneno Matatu

Matini ninayotaka tuisome ni fupi kuliko methali nyingi. Dereva anayetumia Waze, programu ya simu ya kuelekeza njia, akikaribia mahali ambapo mwenzake amemwona askari wa usalama barabarani, husikia mlio mdogo, kisha sauti inayotamka kwa Kiingereza maneno matatu ambayo tukiyafasiri tunapata: polisi wameripotiwa mbele. Sentensi inaishia hapo. Haimwambii apunguze mwendo, haitaji tochi ya kupimia mwendo wala faini, na haionyeshi kama inamtetea mwenye gari au mtembea kwa miguu. Msomaji aliyezoea mashairi yetu ya arudhi, ambamo mizani nane huweza kubeba ugomvi mzima wa nyumba, hatashangaa kwamba maneno machache hivyo yamewafanya wakuu wa polisi waandike barua na serikali zitunge kanuni. Kinachostahili kutushughulisha ni namna yalivyopangwa.

Kuyafasiri tu ni kuanza kuyahakiki. Kiingereza chake kimeacha kitenzi kisaidizi, na neno lake la polisi halisemi kama askari ni mmoja au ni kumi. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo: hatuna budi kuchagua kati ya ameripotiwa na wameripotiwa, na tukishachagua tumekwisha kutoa ushahidi ambao matini ya asili haikuutoa. Nimechagua wingi kwa sababu wingi wetu una uzito wa taasisi ndani yake; abiria wa daladala husema “wapo” hata kama aliyesimama kivulini ni askari mmoja mwenye kitabu chake.

Lipo pia suala la kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Tungetarajia “na” ya kumtaja aliyeripoti, lakini imekatwa, na kwa kukatwa kwake sentensi inaingia katika ukoo wa inasemekana na imesikika, yaani ukoo wa uvumi. Hata hivyo uvumi hauna saa, ilhali onyo hili linayo. Kioo cha simu huonyesha ni dakika ngapi zimepita tangu taarifa itolewe, na kwa miaka mingi kimekuwa kikiitaja hata lakabu ya aliyeitoa, ambaye hulipwa kwa alama za mchezo. Sauti inamficha mtunzi na maandishi yanamtaja nusu. Mgawanyo huo si mgeni kwetu: watunzi wa Pwani wametia lakabu zao kwenye beti za mwisho, wakidai umiliki wa kazi bila kujianika. Mtunzi huyu wa barabarani naye anapewa msamiati mdogo sana wa kutungia. Anaweza kusema kwamba askari anaonekana, kwamba amejificha, au kwamba yuko upande wa pili. Neno la kwanza na la tatu ni jiografia tupu. La pili ndilo pekee lenye hukumu, kwa kuwa anayejificha ana nia, na nia haionekani kwa anayepita kwa kasi. Dereva amesoma kichaka na kukipa tabia.

Kisha kuna mbele. Neno hili halina kipimo linapotamkwa, lakini kwenye kioo linafuatwa na tarakimu zinazopungua kadiri gari linavyosonga, hivyo taharuki inajengwa na mwendo wa msomaji mwenyewe: akikanyaga mafuta anaisoma haraka, akipunguza anaisoma polepole. Sijui matini nyingine ambayo kasi ya kusomwa kwake ndiyo maudhui yake. Na inapofika tamati inageuza kibao, ikimuuliza msomaji kama askari yupo bado au hayupo, huku ikimpa vitufe viwili vya kujibia. Katika ngano zetu hadhira hujibu mwanzoni: fanani anasema paukwa, nasi tunasema pakawa, ndipo kisa kinaanza. Hapa kisa kinatangulia na pakawa inakuja mwisho, nayo ndiyo inayoamua kama kisa kitasimuliwa kwa gari linalofuata. Msomaji amekuwa mwandishi kwa gharama ya kidole kimoja (kidole ambacho, tuseme kweli, kilipaswa kubaki kwenye usukani).

Kabla ya programu hizi, na hadi leo katika barabara zetu kuu, kazi hiyo hufanywa na taa. Katika safari moja ya basi kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam nilikaa kiti cha mbele, upande wa konda. Tulipokuwa tunakaribia kijiji kabla ya Chalinze, lori lililokuja mkabala lilituwashia taa mara mbili. Dereva wetu aliinua kiganja bila kukitoa kwenye usukani, mguu ukaachia mafuta, na basi likashuka mwendo kama linalovuta pumzi. Konda, aliyekuwa akihesabu chenji, hakuinua hata uso.

“Wako wapi, kaka?”

“Palepale pao.”

Tuziweke matini hizi mbili sambamba. Taa haina kauli ya kutendwa, kwa kuwa mtenda anaonekana: ni lori lile, limetoka huko, na baada ya sekunde mbili halitakuwepo. Halipati alama wala lakabu. Malipo yake ni kile kiganja. Tena taa ina maana nyingi. Mimweko miwili huweza kusema umesahau taa zako, kuna ng'ombe barabarani, kuna ajali, au kuna tochi, na msomaji huchuja kwa kutazama mahali, saa na aina ya gari linalosema. Programu imeubana uwingi huo wa maana mpaka ukawa picha ndogo ya askari. Kilichopatikana ni uhakika. Kilichopotea ni ile kazi ya kufasiri ambayo ilimlazimu dereva kuitazama barabara yote badala ya kutazama nukta moja.

Lakini jibu la dereva wetu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Palepale pao. Lori lilimpa habari ya sasa, naye akaipokea kama uthibitisho wa habari ya siku zote. Kwa lugha ya sarufi, lori lilisema kwa -me-, naye akajibu kwa hu-: wamekaa, ndiyo, hukaa hapo. Kiswahili kinatenganisha hali hizi kwa viambishi viwili visivyoweza kukaa pamoja katika kitenzi kimoja, na tofauti hiyo ndiyo mpaka wa aina mbili za onyo ambazo watu wengi huzichanganya. Naziita onyo-shuhuda na onyo-mazoea. Onyo-shuhuda husema kwamba mtu ameona. Linaishi dakika chache na linakufa kila askari anapofunga kazi. Onyo-mazoea halihitaji aliyeona. TomTom, kampuni ya Uholanzi ya ramani na vifaa vya kuelekeza magari, ina katika orodha yake ya maonyo aina inayohusu sehemu ambazo kamera za kuhamishika huelekea kuwekwa mara kwa mara. Hilo ni onyo la hu-, lililotokana na kurundikana kwa maonyo ya -me- mpaka yakapoteza tarehe zao.

Upande wa ufundi, onyo-mazoea ni maskini zaidi. Halina msimulizi, halina saa, na haliwezi kuwa uongo, kwa maana askari asipokuwepo leo mazoea hayakanushwi. Lakini athari yake ni pana. Onyo-shuhuda huzungumza juu ya askari. Onyo-mazoea huzungumza juu ya barabara. Likikaa vya kutosha linaanza kufanana na kibao cha chuma, na dereva anaingia pale kwa mwendo mdogo hata siku ambayo askari amelala kwake. Kama ningelazimika kuchagua moja la kusikia nikiwa abiria, ningechagua hilo maskini.

Wafaransa walifika karibu na jambo hili kwa njia ya marufuku. Kuanzia mwaka 2012 vifaa vinavyotaja mahali hasa palipo na kamera vilikatazwa nchini kwao, na watengenezaji wakaja na umbo jipya: badala ya nukta, mstari. Kifaa hutangaza eneo la hatari, ambalo mjini lina urefu wa mita 300, nje ya mji kilomita 2, na kwenye barabara kuu za mwendo kasi kilomita 4. Ndani yake huenda kuna kamera, huenda hakuna. Ni tafsida, na kila dereva wa huko anajua hivyo. Lakini ni tafsida iliyotungwa kwa ustadi, kwa kuwa imeondoa kasoro kubwa ya umbo la nukta. Onyo la nukta hufundisha kuruka kama kangaruu: breki, upole wa mita mia, kisha mafuta. Mstari hauonyeshi pa kurukia. Tangu 2021 serikali hiyo inaweza pia kuziamuru programu zinyamaze kuhusu ukaguzi fulani, kwa muda usiozidi saa 2 kwa ukaguzi wa ulevi na usiozidi saa 12 kwa misako mizito zaidi, na kimya hicho hutandazwa kwa upana wa kutosha kiasi kwamba mahali pake hapawezi kukisiwa. Ujerumani, kwa upande wake, imemkataza tu dereva kutumia vifaa vya kumwonya akiwa njiani. Mhakiki hana la kufanya na ukurasa uliofutwa.

Marekani ndiko usomaji ulikogongana waziwazi. Waze, iliyoanzia Israeli, ilinunuliwa na Google mwaka 2013. Desemba 2014, siku chache baada ya askari wawili kuuawa mjini New York, mkuu wa polisi wa Los Angeles, Charlie Beck, aliiandikia Google akidai kwamba onyo hili laweza kutumiwa na wanaotaka kuwadhuru askari. Februari 2019 polisi wa New York nao waliandika, safari hii wakitaka yaondolewe maonyo ya vituo vya kuwapima madereva ulevi. Kampuni ilijibu, mara zote, kwamba anayejua polisi wako karibu huendesha kwa uangalifu. Kila upande ulinukuu sentensi ileile. Polisi waliisoma kama amri ya kukwepa, kampuni ikaisoma kama amri ya kupunguza, ilhali sentensi yenyewe, kama tulivyoona, haina amri. Usomaji makini zaidi ulitoka mahakamani, nao haukuhusu programu bali taa: Februari 2014, jaji Henry Autrey wa mahakama ya shirikisho huko Missouri aliuzuia mji wa Ellisville kuwashtaki madereva wanaowashiana taa, akiona kwamba mmweko huo unamtaka anayeuona aendeshe kama sheria inavyotaka. Jaji alisoma athari badala ya kukisia nia, jambo ambalo wahakiki hulihubiri zaidi kuliko wanavyolitenda. Hata hivyo usomaji wake hauwatoshi walevi. Mlevi akipunguza mwendo bado ni mlevi, na hapo nakubaliana na barua ya 2019: kuna makosa ambayo onyo haliyarekebishi, linayapitisha tu njia ya pili.

Nirudi kwenye basi. Palepale pao palikuwa na askari wawili chini ya mwembe, mmoja ameshika tochi, mwingine akiongea na dereva wa gari dogo. Tulipita kwa mwendo wa harusi. Mita mia mbili hivi baadaye, nyumba zikiwa bado pande zote mbili, dereva alirudisha mguu kwenye mafuta, naye alipokutana na basi la kwanza mkabala akaliwashia taa mara mbili. Nyuma yetu, kati ya magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya barabara, kilisimama kibao cha duara chenye ukingo mwekundu na namba 50, kikomo ambacho Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakiweka kwa maeneo ya makazi. Kwa kibao hicho hakuna aliyetuwashia taa.