Paa Moja, Mapaa Mawili: Kikoa cha Fanksheni Yenye Vipeuo

Mwanafunzi akikutana na √(x − 3) · √(x + 2), mara nyingi hukimbilia kuunganisha: √((x − 3)(x + 2)). Kisha ndipo anatafuta kikoa. Kumbe swali limeshabadilika mkononi mwake.

Kikoa ni namba zote za x ambazo fanksheni inazipokea. Tukibaki kwenye namba halisi, kipeuo cha pili hakipokei namba hasi, maana hakuna namba halisi inayozidishwa kwa yenyewe ikaleta hasi. Sifuri haina tatizo.

Tulichukue swali kama lilivyoandikwa. Vipeuo ni viwili, na kila kimoja kina sharti lake: x − 3 ≥ 0, yaani x ≥ 3, na x + 2 ≥ 0, yaani x ≥ −2. Yote mawili yatimie kwa pamoja, na namba iliyofika 3 imeshaipita −2. Kikoa ni x ≥ 3.

Kwenye umbo lililounganishwa, sharti limebaki moja: zao la (x − 3)(x + 2) lisiwe hasi. Chora mstari wa namba, tia alama kwenye −2 na 3, kisha jaribu namba moja katika kila sehemu. Kwa x = 4, 1 × 6 = 6; inapita. Kwa x = 0, −3 × 2 = −6; inakataliwa. Kwa x = −6, −9 × −4 = 36, na kipeuo chake ni 6; nayo inapita! Kikoa ni x ≤ −2 au x ≥ 3.

Rudisha hiyo −6 kwenye swali la awali: √(−9) inakwama papo hapo.

Alama √ ilitumiwa na Mjerumani Christoph Rudolff katika kitabu chake cha mwaka 1525. Mwanahisabati Descartes akaiwekea mstari wa juu mwaka 1637. Mstari huo ndio paa. Hasi mbili zikikaa chini ya paa moja huzidishana zikatoka chanya. Kila moja ikiwa na paa lake, haivuki mlango.

Ndiyo maana √a · √b = √(ab) ina sharti: a na b zisiwe hasi. Kipeuo kikiwa kwenye asili ya sehemu, kama 1/√(x − 3), sifuri nayo inaondolewa, inabaki x > 3.

Kuunganisha si kosa. Tafuta kikoa kwanza, kisha unganisha, na pembeni ya jibu uandike: x ≥ 3.