Pongezi kwa makambiste wa Bunia

Marekani, tangu 1991, kampuni ya PSA hupima hali ya kadi za wanamichezo kwa alama 1 hadi 10: pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Bunia nako, mashariki mwa Kongo, tuna wapimaji wetu wa noti: makambiste, yaani wabadili fedha, wako barabarani chini ya mwavuli, mabunda ya faranga mezani.

Mpe kambiste noti ya dola 100. Atapitisha ukucha kwenye kola ya Franklin pichani asikie kama wino umeinuka, ataielekeza juani atafute sura ya pili iliyofichwa ndani ya karatasi, kisha atatembeza kidole ukingo mzima. Mpasuko mdogo kama punje ya mchele, doa, muhuri, maandishi ya kalamu: bei inashuka, au unarudishiwa noti yako. Ukali huu umezidi, nakubali, maana kwao Marekani noti iliyochanika kidogo bado ni pesa halali. Lakini kambiste akipokea noti isiyopita, hasara ni yake peke yake.

Hongereni, wakubwa. Nawe msafiri unayekuja Bunia, dola zako zilaze ndani ya kitabu, usizikunje.