Miiba ya Ochola: Uchawi na Ardhi katika Riwaya ya Grace Ogot

Msomaji wa Kosele, au wa kwingineko Nyanza Kusini, hatashangazwa na safari iliyomo katika The Promised Land (1966). Wajaluo wamehamia kusini, hadi ng'ambo ya mpaka, kwa vizazi kadhaa. Kinachotatiza ni miiba inayoota mwilini mwa Ochola baada ya jirani yake kumroga huko Tanganyika. Mhakiki atakayeihesabu miiba hiyo kuwa dosari ya uhalisia atakuwa amesahau chimbuko lake, yaani kijicho dhidi ya mgeni anayestawi. Kwa maoni yetu, uchawi hapa ndio lugha ya mgogoro wa ardhi. Ogot, ambaye mwenyewe alisomea uuguzi, anaiacha tiba ya Kizungu ishindwe na kumpa ushindi mganga Magungu. Lakini (na hapa ndipo penye ukali) mwili unapona, shamba linapotea. Udhaifu uko kwingine. Nyapol, mkewe Ochola, aliipinga safari tangu mwanzo, akanyamazishwa na utiifu wa ndoa. Hatimaye anayempa haki ni mchawi. Hoja yake mwenyewe, iliyokuwa na mashiko toka awali, haikupewa nafasi ya kushinda.