Punda wa Lamu

Punda wa Lamu ni mnyama wa kazi zote, na sifa ambazo kwingine hupewa farasi, hapa ni haki yake. Hata bara, katika nyanda za Handeni na Korogwe nchini Tanzania, mbung'o hawakumpa farasi nafasi. Punda ndiye anayewabebea wafugaji maji na vyombo vya kuhamia.

Mji wa Kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita. Mchanga, mawe ya matumbawe na magunia ya saruji hupanda mgongoni mwa punda, mara nyingi ndani ya shogi, yaani mifuko inayoning'inia pande zake mbili. Mnyama mzoefu hujibana ukutani kumpisha mpita njia, na jioni huijua njia ya kwao bila mchungaji.

Wakati wa sherehe za Maulidi punda hugeuka mkimbiaji wa mashindano. Mpanda hukaa nyuma kabisa, karibu na kiuno cha mnyama, bila tandiko, akiongoza kwa fimbo ndogo na uzito wa mwili wake. Ushindi una heshima kubwa, na ni ya wote wawili, kwani hakuna fimbo inayomkimbiza punda asiyetaka.

Tangu 1987 mji una zahanati inayowatibu punda vidonda na minyoo bila malipo. Huduma hiyo ni stahili yao kamili.