Saa Tisa Usiku ndiyo Mazoezi Yenyewe

Wengi wanaojiandaa kwa mbio za nyika za vikosi, zile zinazochanganya baiskeli, miguu na mtumbwi kwa siku kadhaa mfululizo, watakwambia kwamba mazoezi ya usiku wanayafanya. Wadodose kidogo. Utakuta waliamka saa kumi alfajiri, wakapiga kilomita chache gizani, jua likawakuta wanateremka. Hayo ni mazoezi ya asubuhi yaliyoanza mapema. Usiku unamhusu mtu aliyeshinda kazini kutwa nzima, akapanda baiskeli saa mbili usiku, na saa tisa ikamkuta bado ana mlima mbele yake.

Tofauti hiyo huonekana kwenye mashindano makubwa. Eco-Challenge ya Fiji, Septemba 2019, ilikuwa na vikosi 66 na njia ya kilomita 671, muda wa mwisho siku 11. Kila kikosi kilikuwa na washindani wanne, wanaume na wanawake pamoja, na GPS ilikuwa marufuku: ramani na dira tu. Kikosi cha New Zealand kilichoongozwa na Nathan Fa'avae kilimaliza wa kwanza baada ya takriban siku sita. Mwezi huo usiku wa Fiji unakaribia saa kumi na mbili. Kwa kikosi kinacholala kidogo tu, karibu nusu ya mashindano ni giza, na anayelichukulia giza kama ajali ya njiani amekwisha kushindwa.

Kwa walioko Tanzania, sioni darasa zuri kuliko Usambara Magharibi. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni lami ya kilomita thelathini na kitu, inapanda karibu mita 1,000 kwa kona zisizoisha kupitia Soni. Juu ya Lushoto lami si ya kutegemewa tena. Kuna njia za vumbi, mashamba ya mboga na msitu wa Magamba, ambao una utaratibu wake wa kibali. Kikosi kinachoondoka Mombo baada ya chakula cha jioni hufika Lushoto kabla ya usiku wa manane, kikazunguka njia za vumbi hadi saa nane hivi, kisha kikaziacha baiskeli na kuingia milimani kwa miguu. Mpangilio huo una sababu. Joto la mwili na wepesi wa akili hushuka kabisa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndipo kazi ya kusoma ramani inapaswa kuwekwa kwa makusudi. Wengi hufanya kinyume: wanasoma ramani mapema wakiwa na akili timamu, halafu saa za usingizi wanazimalizia kwenye barabara wanayoijua. Wanarudi nyumbani wamechoka, hawajajifunza kitu.

Taa kwanza. Mwendeshaji anayeteremka kwa kilomita 30 kwa saa hupita zaidi ya mita nane kila sekunde. Taa yake ikimulika vizuri mita 30, ana sekunde tatu na nusu za kuona shimo, kuamua na kukamata breki, na mwenye usingizi hupoteza sehemu kubwa ya muda huo akiwa bado anaduwaa. Tena taa ya kichwani peke yake hudanganya. Kwa kuwa iko karibu na macho, kivuli cha kila jiwe hujificha nyuma ya jiwe lenyewe, na njia yote huonekana tambarare. Taa ya usukani, iliyo chini zaidi, huvitoa vivuli nje. Zinatakiwa mbili. Ukungu wa Magamba ukishuka, mwanga wa kichwani hurudi usoni kama ukuta mweupe. Mtembeaji mzoefu huivua taa na kuishika usawa wa kiuno. Betri nazo zigawanywe kwa hesabu: nguvu kamili ni ya mteremko, mwanga mdogo ni wa kupanda na kutembea.

Lakini kikosi huharibikia pale baiskeli zinapowekwa chini. Viatu vya baiskeli vina soli ngumu, vya kutembea viko ndani ya mkoba, soksi zimelowa, mmoja anatafuta koti, mwingine ameketi na tayari anasinzia. Jasho la kupanda hugeuka baridi kwa dakika chache, na Lushoto ya Julai haina mchezo. Kikosi kinachojua kazi yake huvaa koti kwanza, kabla ya jambo jingine lolote, na msoma ramani haguswi na kazi nyingine: mwenzake ndiye humfungia baiskeli na kumpa chakula mkononi, yeye akipanga mguu unaofuata.

Anahitaji utulivu huo, kwa sababu akili yake bado inapiga hesabu kwa mwendo wa baiskeli. Kwenye ramani ya 1:50,000 sentimita moja ni mita 500. Aliyekuwa anazimaliza kwa dakika mbili sasa atatumia saba au nane, zaidi kama ni mlima. Asipojirekebisha ataamini amekwisha kupita njia panda ambayo hata hajaifikia, atakata kushoto kwenye kijia cha kwanza, na wote wanne watajikuta kwenye shamba la kabichi la mtu. Dawa ni kuhesabu hatua na kutaja saa kwa sauti, mwenzake akisikia.

Usambara ina upungufu mmoja. Huku kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani zinakaribiana kiasi kwamba mtu huzoea kutojali. Fiji tofauti ni nyuzi 12 hivi: tembea kilomita mbili bila kuirekebisha, utakosea kwa zaidi ya mita 400. Zoezi zuri ni kumpa msoma ramani tofauti ya kubuni na kumlazimisha aikokotoe saa kumi usiku.

Chakula ni suala la ratiba kuliko la hamu. Mwili wa kazi kama hii hutaka gramu 60 hivi za wanga kwa saa; ndizi mbivu ya wastani hutoa takriban 25. Vitu vitamu hukinaisha usiku, hivyo viazi vya kuchemsha vyenye chumvi huokoa. Usingizi ukizidi, kunywa kahawa kisha lala dakika ishirini; itaanza kufanya kazi wakati unaamshwa.

Na mwenyekiti wa kijiji aarifiwe mchana. Watu wanne wenye taa vichwani, wakipita nyuma ya nyumba saa tisa usiku huku wakibishana, hawana maelezo ambayo sungusungu atayaamini haraka.

Asubuhi, saa yenye GPS iliyofungwa ndani ya mkoba tangu Mombo ifunguliwe, na njia waliyopita ichorwe juu ya ile waliyokusudia. Wengi hukimbilia jumla ya kilomita. Mimi ningeanza na dakika walizosimama: wapi, muda gani, na nani alikuwa anasubiri nini. Dakika tano za kusimama kwenye kila kituo, kwa vituo ishirini, ni zaidi ya saa moja na nusu, na hakuna paja litakalozifidia. Kituo kilichokula muda mwingi kuliko vyote ndicho cha kurudiwa usiku ujao wa mazoezi, peke yake, baiskeli zikiwa zimetoka mlimani na miguu bado ina tope.